Mwani Usiokunjwa

Kisiwa cha Somaedo,
21 Oktoba 2024

Mwanangu Narae,

Mwalimu anasema barua huanza na hali ya hewa. Basi, hali ya hewa ni upepo. Meli haijafika tangu juzi na Mama Okbun ameishiwa sukari, anapita nyumba hadi nyumba na kikombe chake, na kila nyumba anaacha umbea na kuchukua kijiko kimoja.

Hii ni barua yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Nina miaka sitini na minane. Ukiona wino umetapakaa usidhani ni machozi, ni mkono wangu tu. Umezoea mundu wa kukatia mwani, na kalamu unaiona nyepesi mno. Kazi yetu ya nyumbani ni kumwandikia mtu tunayemkumbuka. Mama Okbun amemwandikia marehemu mumewe. Nikamwambia posta ya huko bado haijafunguliwa, akanipiga na rula mbele ya mwalimu.

Shuleni tuko wanne. Vibibi watatu wa darasa la kwanza, na Dasom, yule binti wa mwenye duka, yuko la sita. Walituandikisha sisi ili shule isifungwe, nawe unajua. Lakini watu wa wilaya wamekuja tena. Wanasema Dasom akimaliza mwezi wa pili, shule isiyo na mtoto si shule, na vibibi hatuhesabiki. Nimeishi hapa miaka yote hii nikitia dole gumba kwenye karatasi, na mwaka nilioweza kuandika jina langu ndio mwaka wanaotaka kufunga mlango.

Simu usinipigie. Masikio yangu yamekwisha, nasikia mvumo wa bahari tu hata nikiwa kitandani. Niandikie. Nitasoma mwenyewe.

Mwani tuliuvuna vizuri mwezi wa nane, wanunuzi ndio hakuna. Zamani kina mama walikuja kutoka bara kuwanunulia binti zao mwani wa mzazi, wa kupikiwa supu wakishajifungua. Wao hawakuomba kupunguziwa bei, nasi hatukuukunja, maana mwani uliokunjwa huleta uzazi mgumu. Waliubeba mzima mabegani kama mtu anayebeba mwanamwali. Mwaka huu wamekuja wawili. Mmoja alitaka kumpikia mbwa wake supu ya siku ya kuzaliwa, kama tunavyowapikia watu. Nilimuuzia, nifanyeje.

Wako nimekuchagulia kama kila mwaka. Ni mrefu kunishinda. Nimeulaza juu ya kabati, haujavunjika hata ncha. Sikuulizi kitu. Nakwambia tu kwamba upo.

Ni mimi mama yako,
Mallye


Bucheon,
2 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na mkweo Taegyu akaniuliza nani anagombana humu ndani. Bado anafanya kazi Ulsan kwenye kiwanda cha meli, anarudi Jumamosi mbili kwa mwezi. Anakusalimu. Anasema mwandiko wako umeushinda wa kwake, na ni kweli.

Nami nianze na hali ya hewa. Baridi imeingia, na chekechea yetu imekuwa kubwa kuliko watoto wake. Nilipoanza kazi hapa walikuwa tisini. Sasa ni kumi na saba. Ghorofa ya juu mkuu wetu Bi Pyo ameshaigeuza nyumba ya kulelea wazee. Asubuhi nafundisha wimbo wa bata huku chini, mchana napanda juu kufundisha wimbo ule ule. Wazee wanauimba vizuri zaidi.

Mwezi wa pili mikataba yetu inakwisha. Walimu tuko tisa, watabaki watano. Bi Pyo amesema wazi kwamba anataka watu wenye mgongo imara, kwa sababu wazee hubebwa, na wasio na "safari". Safari ndilo jina lake la likizo ya uzazi. Mwaka jana Mwalimu Hwang alikwenda safari, aliporudi alikuta jina lake limebanduliwa kwenye kabati lake la viatu.

Kwa hiyo nabeba, nacheka, na sisemi nimechoka. Nikikosa mkataba huu, kwa umri wangu wa miaka thelathini na tisa hakuna chekechea itakayonichukua, maana zote zinafungwa.

Usiuze tena mwani wako kwa mbwa.

Binti yako,
Narae


Somaedo,
10 Novemba 2024

Narae wangu,

Hali ya hewa: shwari. Hiyo inatosha, nina jambo kubwa.

Nimeota. Nilikuwa mwambani nakata mwani, maji yakiwa mafupi, akaja kobe wa baharini mkubwa kama meza ya chakula. Hakuogopa. Akapanda jiwe, akanitazama, kisha akaingia kwenye sketi yangu akatulia. Alikuwa mzito, mpaka niliamka na mapaja yanauma. Nimemweleza Mama Okbun, naye hajamaliza hata kutafuna radishi yake akasema, "Wee! Hiyo ni ndoto ya mimba. Na wewe Mallye tumbo lako limeshakuwa la kuwekea sahani ya chakula tu. Imekuja kwako kwa njia, mwenyewe ni binti yako."

Ulipokuwa tumboni mwangu bibi yako ndiye aliyeota. Aliota kapu la maharage mekundu. Kwa hiyo ndoto za ukoo wetu hazipotei njia.

Niambie basi. Sina mtu mwingine wa kumuuliza. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Mama yako,
Mallye


Bucheon,
18 Novemba 2024
(Hii sikuitia posta.)

Mama,

Kobe wako hakukosea mlango. Nina mimba ya wiki ya nane. Nimeuona moyo wake kwenye kioo cha daktari, kitu kidogo kama punje ya ufuta, kinapepesa kana kwamba kina haraka. Miaka sita tumesubiri. Taegyu alilia kwenye simu mpaka wenzake wakadhani amefiwa.

Nataka nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini nakujua Mama. Tangu masikio yako yakwishe, ukinong'ona husikika kisiwa cha pili. Na barua zako mwalimu anazisoma akisahihisha. Bi Pyo akijua kabla ya mwezi wa pili, nimekwisha. Nahitaji kuficha siku mia tu. Mkataba nikishautia sahihi hataweza kunifukuza, na hapo nitakuja kwa meli nikupigie kelele mwenyewe sikioni.

Nisamehe. Nakwenda kuandika nyingine.


Bucheon,
18 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Sina mimba. Ndoto hiyo muuzie mtu, kama mlivyokuwa mkiuziana ndoto zamani. Kuna wengi wanaoihitaji, watakupa hata kuku.

Na tafadhali, mambo haya usiyaseme kwa watu. Maneno yana miguu.

Funga vizuri madirisha, baridi inakuja. Vaa soksi nilizokuletea, usiziweke kwa ajili ya wageni.

Narae


Somaedo,
1 Desemba 2024

Narae wangu,

Nimekuelewa. Sisemi zaidi.

Nilipokuwa na mimba yako, mama mkwe aliniuliza, nikamwambia hapana. Akaniuliza tena, nikamwambia hapana. Akatabasamu akaanza kunipa yai kila asubuhi. Mwanamke wa kisiwa hiki hakubali kabla ya miezi mitatu, asije akaiamsha bahati mbaya. Na akikataa kwa ukali kama wewe, jirani huanza kushona nepi. Ungeniandikia kwamba huna mimba halafu ukacheka, hapo ningesikitika.

Kwa hiyo kula mayai. Usibebe kitu kizito. Usiseme, nami sisemi, lakini tunajua.

Alhamisi ijayo watu wa wilaya wanafanya mkutano shuleni. Wanasema ni mkutano wa kutusikiliza, lakini karatasi ya kufunga shule wameshaiandika, Mwalimu Seo ameiona. Alilia mbele yetu. Tulimpa viazi vitamu.

Mama yako,
Mallye


Somaedo,
14 Desemba 2024

Narae,

Haraka haraka, meli inaondoka. Mkutano umekwenda vizuri! Wametupa mwaka mmoja zaidi, na mkuu wa wilaya mwenyewe atakuja tarehe kumi Januari. Kijiji kina furaha kupita kiasi, unajua watu wetu. Mwenyekiti Gu amechinja nguruwe.

Mwezi wa tatu nitakuwa darasa la pili. Kuzidisha kunanisubiri.

Kula mayai.

Mama


Bucheon,
20 Desemba 2024

Mama,

Leo saa tisa mchana Bi Pyo ametuita walimu wote tisa chumba cha viatu. Akatoa simu yake akaishika juu tuione sote. Ni picha kutoka gazeti la wilaya yenu, imesambazwa nchi nzima, watu wanaipenda, wanaweka mioyo. Ni gati letu. Juu ya gati kuna bango la kitambaa, refu toka nguzo hadi nguzo:

HONGERA NARAE, BINTI WA MAMA MALLYE, KWA KUPATA MIMBA! MTOTO WA KWANZA SOMAEDO BAADA YA MIAKA KUMI NA MIWILI! SHULE YETU ITAISHI!

Chini yake mmesimama wote. Wewe uko katikati, umevaa soksi nilizokuletea.

Bi Pyo akasema, "Mwalimu Narae, kwenu si Somaedo? Hongera. Mbona hatukuambiwa?" Kwa sauti tamu, ile anayotumia kwa wazazi.

Mama, nilicheka. Sijui nilikotoa kicheko kile. Nikasema, "Ah, hao wazee wa kwetu, madamu! Mama kaota kobe, kijiji kizima kikachinja nguruwe. Mimba iko wapi?" Wenzangu wakacheka. Bi Pyo akacheka. Kisha akasema, "Basi vizuri. Magodoro ya ghorofa ya juu yamefika, nilikuwa naogopa kukutuma." Nikabeba magodoro kumi na mawili, ngazi mbili, mbele ya macho yake.

Ndiyo, ninayo. Ni wiki ya kumi na mbili. Ulikuwa sahihi na kobe wako, furahi. Sasa nisikilize. Lishushe bango hilo leo. Waambie watu ulikosea, waambie ilikuwa ndoto tu. Gazeti likiandika kwamba ni uongo, Bi Pyo ataamini. Bango likibaki, kila siku atanipa kitu cha kubeba ili anipime, nami nitabeba, maana nikikataa nimekiri.

Sikuombi kingine chochote duniani.

Narae


Somaedo,
27 Desemba 2024

Mwanangu, mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama gatini, nikakaa chini palepale kwenye nyavu za watu. Wiki ya kumi na mbili! Namshukuru kila anayestahili kushukuriwa.

Bango alilitundika Mwenyekiti Gu. Nilikwenda kwake jioni ileile, nikamwambia lishushwe. Akanijibu, "Mama Narae, lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Na hili lipo! Mkuu wa wilaya anakuja tarehe kumi kupiga picha chini yake. Tukilishusha leo, kesho wanafunga shule."

Narae, ni wiki mbili tu. Akishapiga picha na kutia sahihi, nitalishusha kwa mikono yangu. Wewe umeshamwambia mkuu wako kwamba ni ndoto ya wazee, naye amecheka. Basi ameamini. Mwambie mgongo unauma. Mwambie umeteguka, watu huteguka.

Usinikasirikie. Mama Okbun amefika kwenye neno "asubuhi". Akiandika "asubuhi" anafumba macho kama anaonja kitu. Ungemwona.

Wiki mbili tu.

Mama yako,
Mallye


Bucheon,
19 Januari 2025

Mama,

Mimba imetoka. Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na moja, siku moja baada ya mkuu wa wilaya kupiga picha yake.

Ijumaa tulikuwa tunahamisha vitanda vya watoto kuvipeleka stoo, vimekuwa vingi kuliko watoto. Baadaye kuna mzee aliyeanguka bafuni ghorofa ya juu. Bi Pyo alikuwa mlangoni. Alinitazama mimi, kati ya watu wanne waliokuwapo, alinitazama mimi. Nikamwinua.

Daktari amesema si kwa sababu ya kubeba. Amesema hutokea tu, hasa kwa umri wangu, na kwamba moyo ulikuwa umeshasimama siku kadhaa kabla. Amelirudia hilo mara mbili, kwa upole. Nadhani anasema kweli. Lakini usiku nikilala mikono yangu bado inamshika yule mzee kwapani.

Taegyu alikuja, akakaa siku mbili, akarudi. Hakujua pa kuweka mikono yake.

Jumatatu nilikwenda kazini. Nilivaa suruali nyeusi. Jumatano Bi Pyo aliniita ofisini, akanipa mkataba, nikatia sahihi. Nimekuwa wa kwanza kati ya watano. Alisema, "Nilijua wewe ni mtu wa kutegemewa."

Uliniandikia kwamba mficha uchi hazai. Mimi nilificha, wewe ukatangaza, na hakuna aliyezaa.

Usije. Usiniandikie. Bango liacheni tu, sasa halimdhuru mtu.

Narae


Somaedo,
2 Machi 2025

Narae,

Uliniambia nisikuandikie, na nimekaa wiki sita bila kukuandikia. Hii nimeiandika siku nne. Mwalimu Seo hajaiona na hataiona, ameshahamishwa. Kama kuna neno nimelikosea, lisome hivyo hivyo.

Sianzi na hali ya hewa.

Nilikuficha jambo. Mwenyekiti Gu hakulitundika bango kwa akili yake. Ni mimi. Siku ya mkutano, yule kijana wa wilaya mwenye tai alisimama akasema, "Bibi zetu, tunawaheshimu, lakini shule ni ya watoto. Nionyesheni mtoto mmoja anayekuja, mmoja tu, nami nitaichana karatasi hii." Mama Okbun akaangalia daftari lake. Nami nikasimama, nikasema kwa sauti ile unayoijua, "Binti yangu ana mimba. Atazalia hapa na mtoto atasoma hapa." Kila mtu alipiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maishani. Ulikuwa umeniambia maneno yana miguu, nikayafungulia mlango mwenyewe.

Na uliponiomba nilishushe, kwa Gu nilikwenda, hilo si uongo. Lakini aliponikatalia nilifurahi. Sikubishana hata kidogo. Nilikuwa na mundu kiunoni na kamba ilikuwa karibu, nikarudi nyumbani nikafanya hesabu zangu za kujumlisha. Nilitaka vyote viwili, wewe na shule. Nilikuona wewe uko mbali na una nguvu, na shule iko hapa inakufa mbele yangu.

Barua yako ya Januari ilipofika nilikwenda gatini nikalikata lile bango. Gu alinifuata akipiga kelele, nami kwa bahati njema sisikii. Mama Okbun alishika ncha ya pili. Tumelitandika uani maandishi yakiangalia chini, tunaanikia pilipili juu yake. Kisha nilipanda meli nikaenda wilayani, nikamkuta yule mwenye tai, nikamwambia hakuna mtoto. Akaniuliza, "Kwa hiyo bibi, ulitudanganya?" Nikamwambia, "Alikuwapo. Mkampigia picha." Hakuelewa, nami sikumweleza.

Wamefunga shule siku ile Dasom alipomaliza. Walitupa sisi watatu vyeti vya darasa la kwanza, kisha mtu akaja na kufuli.

Lipo jambo lingine, na hili ni la zamani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini huna ndugu, nami nikikujibu kwamba Mungu hakuleta. Alileta. Ulikuwa na miaka miwili. Mashua ya serikali ilikuja na watu wenye makoti meupe, na palepale gatini, kwenye nguzo zilezile, kulikuwa na bango, MMOJA ANATOSHA. Sikuweza kulisoma, baba yake Gu ndiye aliyetusomea. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wakati ule, na alisema kijiji chetu kitasifiwa kikitoa wanawake wengi wa kufungwa kizazi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Tulikwenda wanne, asubuhi moja. Jioni nilirudi bila ile mimba, na mfuko wa unga wa ngano, nikakwambia nimetoka sokoni. Uliniuliza nimekuletea nini. Nikakukaangia chapati za vitunguu, ukala tatu.

Hakuna aliyenipikia supu ya mwani. Ningemwambia nani anipikie? Nilikuwa nimetoka sokoni. Siku ya pili niliingia majini kukata mwani wa wazazi wa watu wengine.

Sikwambii haya ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu mwaka jana, wakati mashua ileile ilipokuja kutuomba watoto, nilitaka sana kuwapa. Nilitaka sana nionekane ninaye. Nilichukua wa kwako nikawapa, kabla hujanipa wewe. Hilo ndilo kosa langu na sina pa kulificha.

Ule mwani wako ulikuwa bado juu ya kabati. Mwanzo nilisema nitauacha hapo hapo. Kisha nikakumbuka kwamba mwili uliobeba umebeba, hata kama mikono ni mitupu, nao damu imeutoka, nao unahitaji supu kama wa mzazi mwingine yeyote. Bibi yako alijua hilo, mimi ndiye niliyejifanya sijui, miaka yote.

Nikaupeleka posta. Mtu wa posta akaupima kwa macho akasema, "Bibi, ukunje, la sivyo hauingii kwenye boksi." Mwaka mwingine ningemwambia akamkunje mama yake. Nimerudi nao nyumbani, nikautandaza sakafuni, na nimeukata. Kwa mundu wangu, vipande vinne. Mwani ulilia kama karatasi ngumu. Miaka hamsini nimekata mwani mwambani na sijawahi kukata mwani wa mzazi ukiwa mkavu.

Loweka kipande kimoja kwa maji baridi mpaka kilainike, utashangaa mwani utakavyokuwa mwingi. Kaanga kidogo kwa mafuta ya ufuta, tia maji, uchemke mpaka maji yawe meupe kama maziwa. Chumvi mwishoni. Usimsubiri Taegyu. Usile ukiwa umesimama. Mkuu wako akiuliza mbona unanuka mwani, mwambie umezaa au mwambie ni siku yako ya kuzaliwa, mwambie utakalo.

Vipande vitatu ndivyo hivyo humo kwenye boksi. Cha nne nimejipikia mimi leo asubuhi, na nimekaa chini, nimekula yote.

Mama yako,
Mallye